Kufunga mota ya mlango wa gereji pale dari inapokubana

Kwanza tuelewane jambo moja: mota haiinui mlango. Mlango wa gereji uliofungwa sawasawa huinuliwa na springi. Mota huusukuma tu na kuurudisha, kazi ambayo hata mtoto wa darasa la sita angeiweza kwa mkono mmoja. Ukishalishika hilo, suala la dari fupi linageuka. Huulizi tena mota ya ukubwa gani itaingia hapa. Unauliza mlango wenyewe unapita wapi unapopanda, na juu yake panabaki nini.

Huku kwetu Mombasa dari fupi si ajabu. Kazi yangu ni kufunga milango ya umeme, kuanzia Likoni mpaka Mtwapa, na sababu zake nimezizoea. Nyumba ya Tudor au Ganjoni ilijengwa ya chini tu, watoto wakakua, ikaongezwa ghorofa, na bimu ikashuka mbele ya gereji. Mtu wa Bamburi amechoka na maji ya masika kumwingilia ndani, akapandisha sakafu kwa zege. Sakafu imepanda, dari imebaki palepale. Kizingo kuna gereji zilizojengwa enzi za magari madogo, na leo mwenyewe ana Prado. Mji wa Kale siuzungumzii. Kule hata mkokoteni huomba njia.

Maelezo haya ni ya mlango wa mapande, ule wa vipande vinne au vitano vilivyoungwa kwa bawaba, wenye roli pembeni zinazopita kwenye reli mbili na kulala chini ya dari ukifunguka. Shata ya kujiviringisha ina mambo yake, nitaigusa mbele kidogo.

Kabla hujatoa pesa

Ufunge mlango, kisha uinue kwa mkono mpaka nusu, usawa wa kiuno, halafu uachie polepole. Ukikaa hapohapo, au ukasogea kidogo tu, springi ziko sawa. Ukianguka, au ukikimbilia juu wenyewe, usinunue mota bado. Mota utakayoifunga kwenye mlango huo itafanya kazi ya springi, na haitadumu.

Na springi usizishike. Nasema hivi hata kwa mtu anayejiamini na spana zake. Ile springi nene iliyovishwa kwenye shafti imejipinda mizunguko mingi na inashikilia uzito wa mlango mzima. Ukilegeza skrubu zake bila vyuma maalumu vya kuikazia, inakuvunja mkono au kukutoa jicho. Tafuta fundi anayefanya kazi ya springi kila siku, mlipe, umwache afanye. Kazi nyingine zilizobaki kwenye ukurasa huu, isipokuwa stima kama hujaizoea, unaweza kuzifanya mwenyewe ukiwa na msaidizi.

Sasa vipimo. Watu wengi hupima kutoka ukingo wa juu wa uwazi hadi kwenye dari. Wakipata shubiri moja wanakata tamaa, wakipata moja na nusu wanakwenda dukani. Kipimo hicho unakihitaji, ila hakitoshi. Mlango wa mapande haupandi wima kisha ukalala tu. Pande la juu kabisa linapopita kwenye kona ya reli, ukingo wake huchomoka juu kuliko mahali popote mlango utakapofika tena. Hicho ndicho kilele, na hapo ndipo mota hugongwa. Reli ya mota ni lazima ipite juu ya kilele hicho na iache nafasi ya sentimita 5 hivi katikati.

Wapo mafundi wanaokisia kwa jicho. Mimi natumia katoni. Nakata ubavu wa katoni ngumu, naubandika darini kwa selotepu pana uning'inie wima, katikati kabisa ya upana wa mlango, ukielekea ndani kwa mstari uleule ambao reli ya mota itapita. Msaidizi anainua mlango taratibu. Ukingo wa pande la juu unapoigusa katoni, tunasimama, nakata kwa mkasi sehemu iliyoguswa, tunashusha na kuinua tena. Tunaendelea hivyo mpaka mlango upande wote na kushuka bila kugusa kitu. Katoni iliyobaki juu ndiyo nafasi yako halisi, na umbo lake unaliona kwa macho. Pima kwa tepu mahali ilipo nyembamba zaidi. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani.

Tudor nilimfungia mama mmoja ambaye nafasi yake kutoka uwazi hadi slebu ilikuwa sentimita 19. Fundi aliyetangulia kuiona alimwambia haiwezekani. Katoni ilibaki na sentimita 9 pale ilipobana. Reli ya mota tuliyochagua ina unene wa sentimita 3 na nusu, nayo tungeibana moja kwa moja kwenye slebu. Ikabaki 5 na nusu. Alikuwa bado na wasiwasi wake.

"Mwanangu, na hicho kichwa cha mota si kitanigonga nikishuka garini?"

"Hakitakugonga, Mama. Kinakaa nyuma kule, mlango ukifunguka wote haukifikii. Wewe unashukia hapa."

Jibu hilo lina jambo ambalo wengi hawalijui: kichwa cha mota, lile boksi kubwa, hakihitaji kuingia juu ya mlango. Kinakaa nyuma yake. Juu ya mlango inapita reli tu. Kwa hiyo kwenye dari fupi pima pia urefu wa gereji kwenda ndani. Mlango wa mita 2.1 huhitaji mita 3 na zaidi kidogo kutoka ukutani hadi mwisho wa kichwa cha mota. Angalia pia urefu kutoka sakafuni: vitabu vingi vya mota hutaka kichwa kiwe mita 2.1 au zaidi juu ya sakafu, watu wasije wakakipiga paji la uso. Uliyepandisha sakafu kwa ajili ya maji, kipimo hicho kinakuhusu wewe hasa.

Kama springi zako ziko mbele, juu ya uwazi, kuna kipimo kimoja zaidi. Reli ya mota itapita juu ya shafti ya springi pia, kwa hiyo pima kutoka mgongo wa springi hadi darini. Mara nyingine kilele cha mlango kinaruhusu lakini springi zinakataa. Kwa yule mama springi zilikuwa nyuma, mwisho wa reli, ndiyo maana kazi ilipita.

Uamuzi

Namba ikitosha, yaani unene wa reli kujumlisha sentimita 5, funga mota ya kawaida ya reli darini. Ni rahisi kuipata, vipuri vyake vipo, na fundi yeyote anaijua.

Namba isipotosha, angalia reli za mlango wenyewe kabla ya kulaumu dari. Reli ya kawaida ya mstari mmoja inataka sentimita 30 hadi 38 hivi juu ya uwazi. Kuna reli za mistari miwili zilizotengenezwa kwa dari fupi: roli ya juu kabisa inapita kwenye reli yake, roli nyingine zote kwenye ya chini, hivyo pande la juu linalala mapema badala ya kuchomoka. Ukiwa na reli hizo na springi za mbele, kiasi cha sentimita 24 kinatosha mlango kupita. Springi zikiwa nyuma, unashuka hadi kama 12. Hizo ni namba za mlango peke yake, mota bado haijahesabiwa, na kila mtengenezaji ana karatasi yake ya vipimo. Isome karatasi ya mlango wako, usishike za jirani.

Njia ya tatu ni mota ya ubavuni. Inafungwa ukutani kando ya mlango na kuizungusha shafti ya springi moja kwa moja, bila reli yoyote darini. Mimi naipenda kwa gereji fupi kuliko zote, ingawa bei yake ni kubwa. Lakini ina masharti. Ni lazima mlango uwe na shafti ya springi za kujipinda. Wenye springi za kuvutika pembeni mwa reli haufai. Unahitaji kama sentimita 20 za ukuta ubavuni. Inataka pia kihisi cha kulegea kwa kebo, zile nyaya za chuma zinazouinua mlango, kwa sababu mota ya aina hii haiushikilii mlango kutoka juu: mlango ukikwama njiani huku shafti inaendelea kuzunguka, kebo zinavuka dramu zinazozikunja na kazi yote inaharibika. Kihisi kikija ndani ya boksi, ni cha kufungwa. Nimekikuta kimetupwa kwenye droo zaidi ya nyumba moja.

Shata watu hudhani ndiyo dawa ya dari fupi. Siyo hivyo. Bati lake likishajizungusha ni pipa zima, nalo hula nafasi ileile juu ya uwazi. Lakini linaweza kufungwa nje ya ukuta, na hapo linasaidia kweli.

Na dari ikikataa kabisa, achana na dari. Milango miwili ya kufunguka kwa bawaba, yenye mikono ya mota, haihitaji hata sentimita moja ya juu, ikiwa mbele ya gereji kuna uwanja wa kufungukia. Nimewashauri hivyo wateja waliokuja wakitaka mlango wa mapande, na hawajarudi kulalamika.

Kutoboa ukuta wa matumbawe

Hapa kazi ya Mombasa inaachana na kitabu cha mota. Kitabu kinadhani ukuta wako una mbao nyuma yake. Wetu ni mawe ya matumbawe, matundu matupu ndani, na kwenye nyumba za zamani yameungwa kwa chokaa. Rolbolti ukiikaza kwenye jiwe la tumbawe inapanuka, jiwe linamomonyoka, inazunguka tu. Siku ya kwanza inaweza kushika. Braketi ya mbele ya reli huvutwa na kusukumwa kila mara mlango unapofunguka na kufungwa, na baada ya muda inatoka na unga wake.

Tafuta lenta. Juu ya kila uwazi wa gereji kuna lenta au bimu ya zege. Gonga plasta kwa nyundo ndogo, utasikia sauti inabadilika. Braketi ya mbele iende kwenye zege. Kama urefu unaoutaka unaangukia kwenye jiwe, chukua bamba au chuma cha pembe, likaze kwenye lenta, kisha ufunge braketi kwenye chuma hicho. Pasipo na lenta ya kufikika, toboa ukuta wote hadi upande wa pili, pitisha bolti ndefu na uweke bamba nje. Haipendezi, ila haing'oki.

Slebu nayo ina siri. Nyumba nyingi zina slebu iliyojazwa matofali matupu katikati ya mbavu za zege. Drili ikizama ghafla bila kupinga, umeingia kwenye tofali. Hapo usifunge kitu. Sogea upande mmoja mpaka uipate mbavu. Ukigonga nondo, sogea pia, usiikate. Kichwa cha mota kikiwa kwenye dari fupi, hukining'inizi kwa vyuma virefu vyenye matundu. Unakibana karibu kabisa na slebu, na chini yake weka mpira mnene, la sivyo chumba cha juu kitaunguruma kila mtu anaporudi usiku.

Kuunganisha

Toa kwanza kamba zote za kuvutia mlango, na uzifungue au uzitoe komeo zote. Mota ikivuta mlango uliokomewa, pande la juu ndilo litakalopinda.

Piga mstari wa katikati ya mlango kwa penseli, uupandishe ukutani hadi darini kwa pimamaji. Tia alama ya kilele ulichokipata kwa katoni, ongeza sentimita 5, hapo ndipo uso wa chini wa reli utakaa. Funga braketi ya mbele, ingiza reli, inua kichwa, mmoja ashike na mwingine akaze. Reli iwe sawa na mstari wa katikati kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikienda upande hata kidogo, mlango utapanda ukilia.

Mkono unaounganisha kitoroli, kile kinachoteleza kwenye reli ya mota, na mlango unataka umakini kuliko yote. Kwenye mlango wa kawaida, braketi ya mkono hufungwa kwenye pande la juu, sentimita 5 hadi 10 chini ya ukingo wake. Ikiwa pande hilo ni bati jepesi, weka kwanza chuma cha kuimarisha kutoka upande hadi upande. Lakini ikiwa reli zako ni za mistari miwili, mkono wa kawaida hautafaa. Pale pande la juu linatakiwa livutwe kwenda nyuma kwanza, lilale, kisha mlango upande; mkono wa kawaida hulinyanyua kwenda juu na kulikwamisha. Kuna braketi maalumu ya reli za dari fupi, yenye chuma kirefu kinachoshuka hadi chini zaidi ya pande. Inunue pamoja na mota. Ukienda dukani baadaye kuitafuta peke yake, utazunguka sana. Kwa yule mama wa Tudor braketi hiyo ndiyo iliyotuchelewesha, siyo dari.

Stima

Umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Mota zinazofika kwenye mitumba kutoka Marekani ni za volti 120 na hezi 60, ziache hapohapo. Za kutoka Dubai huwa zinakubali, lakini soma kibandiko chake mwenyewe. Weka soketi yenye athi karibu na kichwa cha mota, siyo waya wa kuunganishia unaoning'inia. Kama hujazoea kazi ya stima, mwite fundi wa stima aiweke.

Stima hukatika. Mota yenye betri ya akiba inagharimu zaidi, na kwa gereji isiyo na mlango mwingine wa kuingilia siioni kama anasa. Na hata ukiwa na betri, gereji ya namna hiyo iwekewe kifungulio cha nje cha ufunguo. La sivyo, kitu kikiharibika ndani na wewe uko nje, utabaki ukiitazama gari yako kupitia tundu. Kile kikamba chekundu cha kuuachia mlango kutoka kwenye mota kining'inie kama mita 1.8 kutoka sakafuni. Kwenye gereji fupi watu hukifunga juu kisiwaguse. Kikifungwa, watoto wakubwa na wazee hawakifikii siku ya shida.

Macho ya usalama na majaribio

Macho mawili yanayotazamana, moja la kurusha mwali na jingine la kuupokea ili mlango usimshukie anayeukatiza, yakae pande mbili za mlango, yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, kwa sababu mtoto anayetambaa au paka hupita chini. Marekani sheria inataka ulinzi wa namna hii kwenye mota za nyumbani tangu 1993. Sisi tuuweke bila kungoja sheria. Jicho la kupokea liweke upande ambao jua la jioni haliingii. Gereji inayotazama magharibi, jua likishuka linalipofusha jicho, mlango unakataa kufungika na mwenye nyumba anadhani mota imekufa.

Ukishaweka mipaka ya kufunguka na kufungika, laza kipande cha mbao cha unene wa sentimita 4 hivi sakafuni, katikati ya uwazi, na ufunge mlango kwa rimoti. Ukiigusa mbao, mlango unatakiwa urudi juu wenyewe. Usiporudi, punguza nguvu ya kufungia, ujaribu tena. Ukikataa kabisa, usiutumie mpaka fundi auone. Rudia jaribio hili kila mwezi, ni dakika moja tu.

Chumvi na mijusi

Upepo wa bahari unakula chuma chochote kisichopakwa. Bolti na nati ziwe za chuma kisichoshika kutu au zilizopakwa zinki vizuri. Zile za rangi ya dhahabu zinazokuja ndani ya boksi Nyali karibu na ufuo hazimalizi mwaka zikiwa safi. Paka grisi nyeupe kwenye bawaba, na mafuta ya silikoni kwenye roli. Ndani ya reli za mlango usipake kitu, futa tu kwa kitambaa. Oili chafu ya gari, ambayo kila mtu anayo gerejini, hukamata mchanga na kugeuka msasa.

Mwisho kuna mijusi. Kichwa cha mota kina joto, kina taa, na taa huita wadudu, kwa hiyo mjusi huingia kupitia tundu la waya na kulala juu ya bodi. Siku moja anagusa pasipoguswa, anakufa yeye na bodi yake, na bodi mpya ndiyo kipuri cha bei kuliko vyote humo ndani. Ziba tundu la waya kwa silikoni, na nafasi za kupitisha hewa uzivishe wavu mwembamba wa mbu ukiacha hewa ipite. Angalia wavu huo kila unapofanya jaribio la mbao, usije ukawa umetoboka.